Uzi: Kodi ya mshahara haimwoni mtoto wala mama mkwe. Je, ni haki kwa familia zetu za Kusini mwa Tanzania?

1. Mwalimu wa Chikundi

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha shule ya msingi wilayani Masasi. Mshahara wangu ni 820,000 kwa mwezi, na chini ya paa langu tunalala watu saba: mimi, mume wangu ambaye hajafanya kazi tangu mgongo umpate, watoto watatu, mdogo wangu wa kidato cha pili na mama mkwe. Shuleni hapo hapo yupo kijana ambaye hajaoa, amepanga chumba kimoja, na mshahara wake ni sawa na wangu hadi shilingi ya mwisho. Kodi tunayokatwa ni ile ile. Nimepiga hesabu kwa viwango vilivyopo nikapata 83,000.

Dai langu ni kwamba kodi inayomtazama mtu kana kwamba hana anayemngojea nyumbani huitoza familia kubwa zaidi, ila haitamki. Kisha namtazama mama yangu mzazi, mkulima wa korosho huko Tandahimba, ambaye kila siku nasikia watu wakisema watu wa aina yake hawalipi kodi, na naona fedha yake imekwisha kumegwa kabla hajaishika. Kati yetu sisi watatu, nani anabeba mzigo mzito zaidi?

2. Mhasibu wa Mikindani

Mwalimu, hesabu yako ina kosa dogo, na kosa lenyewe linakuumiza wewe. Kodi ya mshahara hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, ambao kwa mtumishi wa umma ni asilimia 5, yaani 41,000 kwa mshahara wako. Kinachobaki ni 779,000. Kiasi hicho kimevuka 760,000, kwa hiyo unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya zile 19,000 zilizozidi, na jumla inakuwa 72,750. Itazame hati yako ya mshahara. Kama kweli imeandikwa 83,000, kesho asubuhi usiende darasani kabla hujapita kwa mhasibu wako.

Kuhusu hoja yenyewe upo sahihi. Sheria yetu ya kodi ya mapato humtoza mtu binafsi, wala haina punguzo la mtoto, la mwenza au la mzazi. Nafuu iliyopo ni ile 270,000 ya kwanza isiyotozwa, ambayo kabla ya Julai 2020 ilikuwa 170,000, na kiwango cha kwanza kilichoshushwa kutoka asilimia 9 hadi 8 mwaka 2021.

3. Kijana wa Ligula

Mimi ndiye huyo kijana wa chumba kimoja, ingawa siko Masasi. Dada Mwalimu, umehesabu watu kwa paa, na mimi naomba kuhesabiwa kwa simu. Nyumbani Newala kuna mama, bibi na wadogo watatu, na hakuna wiki inayopita bila mmoja wao kunikumbuka. Tozo ya miamala ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, aliyeumia alikuwa mtu wa namna yangu, anayetuma kidogo kidogo mara nyingi. Wewe uliyekuwa ukila na watu wako meza moja hukutozwa kwa kumpa mwanao chakula. Mimi nilitozwa.

Hapo sijagusa kodi ya mjomba, ambayo sisi watu wa ukoo wa mama tunaifahamu vizuri: haina kiwango, haina risiti, na mkaguzi wake huja mwenyewe mlangoni akiwa na begi.

4. Mkorosho Mkongwe

Kijana, mjomba wako amekusikia na msimu ujao atakuja na mabegi mawili.

Sasa nirudi kwa mama wa Mwalimu. Mimi nina mikorosho niliyoachiwa na wazee wangu, na kila msimu napeleka kwenye AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika. Korosho zinapimwa, zinakwenda ghalani, zinasubiri mnada, kisha fedha inakuja benki ikiwa imepungua. Halmashauri inachukua asilimia 3. Chama cha msingi kina chake, chama kikuu kina chake, ghala lina lake, msafirishaji ana lake. Juu ya yote upo ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi. Tuchukue mfano wa kilo 900 kwa bei ya 3,000, ambayo ni milioni 2 na laki 7 kwa mwaka mzima, sawa na 225,000 kwa mwezi. Mwalimu angepata kipato hicho asingekatwa hata senti ya kodi, kwa sababu kipo chini ya ile 270,000 aliyoitaja Mhasibu. Mkulima wa kipato hicho hicho anakatwa, tena kwenye mauzo, kabla hajatoa gharama ya palizi wala ya kupulizia dawa. Halafu eti hatulipi kodi.

5. Mhasibu wa Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima naomba nirekebishe mambo mawili. Kwanza, ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao ulikuwa hadi asilimia 5 kabla ya mwaka 2017 na sasa ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, kisheria hulipwa na mnunuzi. Pili, ushuru wa kusafirisha korosho ghafi hulipwa na msafirishaji anapotoa mzigo nchini. Makato ya chama, ghala na usafiri ni gharama za huduma na hayaitwi kodi. Tukichanganya kila kinachopunguza fedha tukakiita kodi, hatutajua tumlalamikie nani.

6. Binti wa Nachingwea

Kaka Mhasibu amejibu swali la nani anakabidhi fedha, ilhali Mwalimu aliuliza nani anabeba mzigo. Mnunuzi anayekuja mnadani anajua bei atakayouzia India au Vietnam, na bei hiyo haipangwi Tandahimba. Anatoa gharama ya meli, anatoa ushuru wa nje, anatoa asilimia 3 ya halmashauri, anatoa faida yake, na kile kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni. Hakuna anayemkata mkulima. Bei inamfikia ikiwa imekwisha kukatwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni muundo wa ushuru wenyewe, ambao ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa. Bei ikiwa dola 1,500 kwa tani, ushuru ni dola 225. Bei ikianguka hadi 800, asilimia 15 ingekuwa dola 120, lakini sheria inataka 160, ambayo ni asilimia 20. Maana yake ni kwamba mwaka ambao mkulima amepigwa na soko, uzito wa ushuru unaongezeka. Mshahara wa Mwalimu ukishuka, asilimia ya kodi yake inashuka nao.

7. Kaka wa Ruangwa

Binti wa Nachingwea amenifumbua macho. Sasa ndiyo naelewa kwa nini kangomba, mnunuzi wa magendo, hafi. Anakuja usiku na kibaba chake, anamlipa mama mwenye mgonjwa fedha taslimu kwa bei ya kutupa, na mama anakubali kwa kuwa homa ya mtoto haisubiri mnada. Huyo mama amelipa kodi gani? Sijui tuiiteje, lakini amelipa.

8. Mkorosho Mkongwe

Marahaba, Mhasibu. Kangomba tusimtetee, Kaka wa Ruangwa. Nimeona watu waliouza korosho zikiwa bado maua.

9. Mzee wa Kivinje

Nimesoma mabandiko yote. Vijana wetu wanadhani hoja ya kodi na familia imeanza na tozo ya simu. Mjerumani alipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, alihesabu paa kama Mwalimu anavyohesabu leo, na matokeo yake familia zikabanana kwenye nyumba moja ili walipe mara moja. Mwingereza naye alikuja na kodi yake, na mwanamume mwenye wake wawili alitozwa zaidi kwa ajili ya yule wa pili. Kwa hiyo kodi inayoitazama familia tulishakuwa nayo, ikaitazama ili iongeze na siyo ipunguze. Vita ya Majimaji iliwashwa huku kwetu Umatumbini kwa sababu ya kodi hiyo.

10. Mdudu wa Ubwiri Unga

Shikamoo mzee. Naomba kukusahihisha kwa adabu. Kule Nandete, Julai 1905, wazee wetu waling'oa pamba. Walichokuwa wamechoshwa nacho ni kulimishwa mashamba ya pamba kwa lazima chini ya maakida, kwa malipo yasiyolingana na jasho. Kodi ilikuwepo, lakini cheche ilikuwa pamba.

11. Mzee wa Kivinje

Marahaba. Na walilazimishwa kwenda shambani na nini, kama siyo na deni la rupia? Asiye na rupia alifanyishwa kazi. Pamba na kodi vilikuwa mpini na jembe, mjukuu wangu. Hata hivyo naupokea usahihisho kuhusu cheche.

Niongeze la karibu zaidi. Kodi ya maendeleo, ile ya kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Wapo humu ambao baba zao walilala porini mgambo walipokuwa wanapita. Ilikuwa sawa kwa tajiri na maskini, na ndiyo sababu ilichukiwa. Lakini ilipofutwa halmashauri zilipoteza chanzo chao wenyewe, zikawa zinangojea fedha kutoka Hazina, na wilaya za korosho zikazidi kuuegemea ushuru wa mazao. Furaha ya baba zenu ililipiwa na mikorosho.

12. Mama Lishe wa Bandarini

Mnasema mshahara na korosho, na sisi wa jikoni mmetusahau. Mimi nauza chakula cha kama 20,000 kwa siku. Kwa siku 300 ni milioni 6 kwa mwaka, lakini humo ndani kuna mchele, mkaa, mafuta ya kula, samaki na binti anayenisaidia. Faida yangu haifiki robo. Kwa kuwa sina daftari la hesabu, nakadiriwa 100,000 kwa mwaka. Jirani yangu wa kiwango hicho hicho ana daftari zuri, naye analipa kidogo kuliko mimi. Nilipouliza sababu niliambiwa niandike.

Pia mimi ni mpangaji. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla; ilianza 1,000 kwa mwezi na baadaye ikawa 1,500. Jengo siyo langu, ila umeme naununua mimi. Nikimwambia mwenye nyumba anipunguzie kwenye pango ananijibu kwamba LUKU ni ya aliyewasha taa. Nani ananieleza haki ya hapo?

13. Mhasibu wa Mikindani

Mama Lishe, pole. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwako ingekuwa asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Daftari la shilingi elfu mbili lingekuokolea 40,000.

Kuhusu LUKU, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mashine imerahisisha ukusanyaji, na kwa kurahisisha imembebesha asiyehusika. Weka kumbukumbu za ununuzi wako wa umeme, kisha kodi hiyo ipunguzwe kwenye pango kwa maelewano ya maandishi.

14. Mama Lishe wa Bandarini

Maelewano ya maandishi na mwenye nyumba wa Mtwara mjini! Kaka yangu, wewe una nyumba yako.

15. Mwalimu wa Chikundi

Ahsanteni nyote. Nimetazama hati yangu, ni 72,750 kama Mhasibu alivyosema. Kosa lilikuwa langu. Nina swali la nyongeza kwake. Mume wangu angekuwa anafanya kazi, na kila mmoja wetu analipwa 410,000, mapato ya nyumba yangekuwa 820,000 hizo hizo. Kodi ingekuwa ile ile?

16. Mhasibu wa Mikindani

Hapana, na hapa ndipo hoja yako ina nguvu kuliko ulivyoiweka mwanzo. Kila mmoja angechangia 20,500 kwenye hifadhi ya jamii, akabakiwa na 389,500. Atoe 270,000 isiyotozwa, zinabaki 119,500, na asilimia 8 yake ni 9,560. Kwa wawili ni 19,120. Nyumba yenye mapato yale yale na watu saba wale wale ingelipa 19,120 badala ya 72,750, tofauti ya 53,630 kila mwezi. Kwa hiyo sheria haiadhibu familia kubwa moja kwa moja. Inayoumizwa ni familia yenye mguu mmoja: mjane, aliyeachika, au aliye na mwenza mgonjwa kama wewe.

17. Binti wa Nachingwea

Hesabu hiyo ibandikwe ukutani. Tofauti ya mwaka inavuka 640,000.

18. Kijana wa Ligula

Naunga mkono, lakini tiba ni ipi? Ufaransa tangu mwaka 1945 hugawanya mapato ya nyumba kwa mafungu: mume fungu moja, mke fungu moja, mtoto wa kwanza na wa pili nusu nusu, na kuanzia wa tatu kila mtoto fungu zima. Tukiuleta mfumo huo huku, mama mkwe wa Mwalimu ni fungu kiasi gani? Na wadogo zangu wa Newala wataandikwa kwangu au kwa mjomba? Nawafahamu watu wetu. Msimu wa kuwasilisha fomu watu wataazimana watoto kama wanavyoazimana viti vya harusi.

19. Mpwa wa Liwale

Ndiyo sababu mimi napingana na uzi mzima kwa upole. Kodi iachwe iwe rahisi, na familia isaidiwe upande wa matumizi. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza mwaka 2016, ilimfaa mwenye watoto watano kuliko mwenye mmoja, na haikumwuliza mtu ana hati ya mshahara au hana. Ruzuku za TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini zinamfikia mtu ambaye hajawahi kuiona kodi ya mshahara. Punguzo la mtoto kwenye mshahara lingemsaidia Mwalimu, ila lisingemsaidia mama yake hata kidogo, kwa sababu mama hana mshahara wa kupunguziwa.

Kwa korosho swali linakuwa: ushuru wa nje unarudi wapi? Zamani asilimia 65 yake ilikwenda kwenye mfuko wa kuendeleza zao na asilimia 35 Hazina. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 ikapeleka yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele bungeni Juni mwaka ule, na hawakusikilizwa. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ikapanda bei, na zao lililofika tani 313,000 msimu wa 2017/18 likaporomoka. Kodi ni ile ile, kiwango ni kile kile. Kilichobadilika ni njia ya kurudi.

20. Mdudu wa Ubwiri Unga

Mpwa, umerahisisha mno. Msimu wa 2018/19 ulikuwa na mengi. Wanunuzi na wakulima walivutana juu ya bei, Serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba mzigo, na wapo waliolipwa kwa kuchelewa sana. Mkulima ambaye hajalipwa hapalilii, hata salfa ikiwa ya bure. Ongeza hali ya hewa, ongeza mnyauko fusari unaoua mti mzima, ongeza mimi mwenyewe, ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu ninayeanguka kwenye maua kila kunapokuwa na ukungu wa asubuhi. Siwezi kukubali lawama yote iende kwa ushuru, wala sifa yote siwezi kuipeleka kwa ruzuku, ingawa ni kweli kwamba pembejeo za ruzuku ziliporudi uzalishaji ulipanda, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000.

21. Mkorosho Mkongwe

Mdudu, siku moja umesema ukweli. Mwaka ule mimi nililipwa mikorosho ikiwa imekwisha kuota magugu hadi kiunoni. Mwanangu wa kidato cha tatu alikaa nyumbani muhula mzima, kwa sababu ada haikudaiwa ila nauli na chakula vilidaiwa. Kwa hiyo Mpwa anaposema ushuru ulinyang'anywa mfuko, ni kweli, na Mdudu anaposema malipo yalichelewa, ni kweli, ila kwangu vilifika siku moja kwenye mlango mmoja.

22. Kaka wa Ruangwa

Tusisahau kwamba ushuru wa nje uliwekwa kwa nia ya kufanya korosho zibanguliwe hapa, vijana wapate kazi. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, nao wamevutana miaka mingi juu ya jambo hilo hilo. Miaka ya 1990 walishauriwa na Benki ya Dunia wapunguze ushuru wao, na mwaka 1999 wakaupandisha tena. Mimi ningekubali kubeba ushuru kama ningeona mashine zinanguruma. Sehemu kubwa ya korosho zetu bado inaondoka na maganda yake.

23. Mwalimu wa Chikundi

Jana nilikwenda Tandahimba. Mama amenitolea hati yake ya malipo ya msimu uliopita kutoka kwenye Kurani, anakohifadhi kila karatasi yenye mhuri. Ina kilo, ina bei ya mnada, ina makato ya chama cha msingi, chama kikuu, usafirishaji na ghala. Nimeisoma mara mbili, na hakuna mstari unaosema ushuru wa kusafirisha nje.

24. Mhasibu wa Mikindani

Kama nilivyoeleza kwenye bandiko la tano. Analipa mnunuzi.

25. Binti wa Nachingwea

Kama nilivyoeleza kwenye bandiko la sita. Mstari wenyewe ni ule wa bei ya mnada.